Mchongaji Huyatoa Wapi Anayoyachonga?

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sijui kama mhenga aliyesema hivyo aliwahi kushika gogo la mpingo, maana mpingo ukitiwa majini huzama kama jiwe. Lakini hayo tuyaache.

Mpenzi msomaji, makala haya yametokana na mjadala nilioshindwa. Ndiyo, nilishindwa, na wote waliokuwa ukumbini Ijumaa ile ya muhula wa kwanza wanakumbuka. Mada ilikuwa: "Mchongaji wa vinyago vya watalii si msanii." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Mpinzani wangu, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko patasi, alisimama, akatoa mkobani twiga wawili wa mbao, akawasimamisha mezani na kuuliza, "Mheshimiwa Spika, nani humu ndani anaweza kuniambia ni yupi kati ya hawa aliyebuniwa na yupi aliyenakiliwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikabaki kinywa wazi, si kwa kukosa hoja tu, bali kwa sababu mmoja wa wale twiga nilimtambua. Alipolazwa mezani niliiona namba iliyoandikwa chini yake. Ilikuwa namba ya baba yangu.

Baba ni mchongaji. Wengi wenu hamkulijua hilo, nami sikuwa nimelitangaza. Ningependa kusema kwamba halikuwa jambo la aibu, lakini kusema kweli aibu kidogo ilikuwako. Banda wanamofanyia kazi liko huku kwetu Changamwe. Juu ni makuti, chini ni vumbi la mbao, na katikati wazee kwa vijana wameketi juu ya vipande vya magogo, kila mmoja ameibana kazi yake kwa nyayo za miguu kana kwamba Mungu alimpa mikono minne. Kila mchongaji ana namba yake. Kinyago kikiisha huandikwa namba hiyo chini, ili kikinunuliwa mwenyewe ajulikane na alipwe. Jina haliandikwi. Mtalii huko kwao akimgeuza twiga wake ataona tarakimu tatu tu, labda adhani ni bei.

Jioni ya siku ile nilimkuta baba ananoa tezo. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza bila kuzunguka, "Baba, haya unayoyachonga huwa unayatoa wapi?"

"Kwa mwenye duka," akanijibu, hata kichwa hakuinua.

Nilidhani ananifanyia mzaha. La hasha! Alikuwa ananieleza ukweli mtupu. Mwenye duka huleta oda: twiga mia moja wa urefu fulani, vifaru hamsini, miiko ya saladi jozi ishirini. Mchongaji hachagui. Kama ni twiga ni twiga mpaka umwote usingizini. Basi, je, mpinzani wangu alisema kweli? Nimelifikiria swali hili kwa mihula miwili, nikauliza watu, nikasoma vitabu vya maktaba. Wacha nieleze niliyoyapata.

Wakamba walichonga tangu zamani, lakini walichonga vitu vya kutumia: vigoda vya wazee vya miguu mitatu, vilivyotiwa nakshi kwa waya mwembamba wa shaba, miiko, fimbo, na tabakero za ugoro. Vinyago vya kuuza havikuwako. Vilianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua Waafrika wengi sana kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoachia mitaa miwili jina lake, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mutisya alijikuta Tanganyika, na huko akawaona wachongaji wakitoa sanamu za watu katika mti. Vita vilipokwisha alirudi kwao na wazo hilo. Akaanza kuchonga, akauza, akawafundisha wa ukoo wake, na muda si muda Wamunyu nzima ikawa inalia tezo.

Kwa hiyo hata yule wa kwanza alianza kwa kuona kazi ya mtu mwingine. Hilo nilitakiwa nilijue kabla ya mjadala. Tunadhani ilhamu ni kitu kinachoshuka kutoka mawinguni, lakini mara nyingi hutoka kwa jirani. Mutisya hakuwanakili wale wa Tanganyika vivyo hivyo. Alichukua ule ujasiri wa kumtoa mtu ndani ya mti, kisha akafuata mkono wake.

Baadaye wanunuzi wakawa walowezi, askari wa Vita vya Pili, na mwishowe watalii. Hapo ndipo walipoingia morani wa Kimaasai wenye mikuki, wanyama wa porini, na miiko ya saladi yenye vichwa vya swara. Jamani, mwenye kuchonga mwiko wa saladi kwao Wamunyu hakuwahi kuila hiyo saladi! Hapa Mombasa wachongaji waliotoka Ukambani wakaungana, na mwaka wa 1963 wakaanzisha chama chao cha ushirika hapahapa Changamwe, ambacho mabasi ya watalii yamekuwa yakifika miaka nenda miaka rudi. Twiga alichaguliwa na mteja. Simlaumu mteja, wala simlaumu babu yangu aliyemtii, maana watoto hula.

Lakini si wachongaji wote wa pwani yetu wanaongojea oda. Rafiki yangu mmoja ni Mgiriama, na yeye ndiye aliyenieleza habari za kigango. Wamijikenda walikuwa na chama cha wazee wenye hadhi, kinaitwa Gohu. Mzee wa Gohu akifa huzikwa, na mambo huweza kunyamaza hapo kwa miaka mingi. Kisha siku moja marehemu humjia mtu wa jamaa yake ndotoni. Analalamika kwamba amesahauliwa, ana baridi, hana pa kukaa. Au magonjwa yanaandamana nyumbani mfululizo mpaka mganga anaulizwa. Ndipo fundi huitwa achonge kigango: ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa na mchwa, kichwa duara, mwili bapa, umejaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa mpangilio. Husimamishwa, hutambikiwa, na marehemu anakuwa amepata mahali. Hebu fikiri! Hapa mwenye kuagiza kazi ni maiti, na oda yake inafika kwa ndoto. Fundi hawezi kusema amechoka.

Na kitu kilichochongwa kwa sababu kama hiyo hakiuzwi. Hata hivyo vigango vingi vimeng'olewa usiku na kuuzwa ng'ambo, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Viwili vilivyoibiwa mwaka wa 1985 vilirudishwa Kenya mwaka wa 2007, baada ya kutambuliwa kwa picha. Rafiki yangu aliniuliza, "Wewe kaburi la babu yako likiuzwa dukani, utauliza kama ni sanaa au si sanaa?" Sikuwa na jibu.

Tulipotembelea Mji wa Kale na kidato chetu, kila mtu alikuwa anakimbilia Ngome ya Yesu, lakini mimi nilibaki nyuma natazama milango ya Kibokoni. Milango hiyo ina ukoo mmoja na ile ya Lamu na Unguja. Hutamwona twiga wala mtu hata mmoja. Mafundi wengi walikuwa Waislamu, na katika dini yao kutengeneza sanamu ya kiumbe mwenye roho ni jambo linaloepukwa. Sasa mtu angedhani katazo hilo lingewafunga mikono. Kinyume chake! Wakageukia maua, majani yanayotambaa kama mzabibu, minyororo na nyota, wakavifuma juu ya miimo na kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, mpaka ukitazama sana macho yanazunguka. Milango mingine ina aya za Kurani juu ya kizingiti. Na kwa kuwa jahazi zilikuwa zikija na kaskazi na kurudi na kusi, mitindo ya Uhindini na Uarabuni ilishuka bandarini pamoja na mizigo.

Wamakonde nao wana yao. Hawa hawako Tanzania na Msumbiji peke yake. Wako hapa jirani Kwale, wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwaka wa 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha usiku, na kulipokucha sanamu ilikuwa mke. Kwa hiyo kwao uchongaji hauanzi na duka, unaanza na upweke. Mtindo wao wa vinyago vya mashetani, wenye jicho moja na viungo vilivyopindana, ulianza Dar es Salaam katika miaka ya 1950 kwa mchongaji aliyeitwa Samaki Likankoa. Husimuliwa kuwa kinyago chake kilivunjika mkono, na badala ya kukitupa akaona ndani ya ule ubovu kiumbe cha ajabu. Kuna na ule mtindo wa ujamaa, ambapo watu wamepandana na kubebana kuanzia shina hadi kileleni, wote katika gogo moja.

Hilo la gogo ndilo alilotaka baba nilielewe. Nilipozidi kumsumbua na maswali yangu aliweka tezo chini, akachukua tawi lililopinda akanipa. "Unaona nini?" Nikasema naona tawi. Akaligeuza. "Na sasa?" Wallahi, ilikuwa shingo! Shingo ya mnyama anayegeuka kusikiliza kitu nyuma yake. Baba hawezi kuinyoosha shingo hiyo, maana akiikata kinyume cha nyuzi za mti itavunjika. Mti ndio unaomwamuru. Kwa hiyo, ndugu mpinzani, kama bado unao wale twiga, watazame tena vizuri. Mmoja shingo yake imekwenda kushoto kidogo. Huyo ndiye wa baba.

Kila mti una tabia yake. Mpingo ni mgumu, moyo wake mweusi na ukingo wake mweupe, na mchongaji mwenye akili huutumia ule weupe. Muhuhu una harufu nzuri na haupasuki ovyo. Mjakaranda ni laini, na nikiri hapa kwamba "mpingo" mwingi unaouzwa kando ya barabara ni mjakaranda uliopakwa rangi nyeusi ya viatu. (Msinitaje.) Mpingo na muhuhu hukua polepole mno, na wachongaji wakaikata kwa maelfu pasipo kupanda. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa misitu walianza kuwashawishi wachongaji wahamie mwarobaini, ambao huku pwani unaota hata penye mawe na hukua haraka. Baba alihama. Vumbi lake ni chungu mpaka chai inakuwa chungu, na ukikaushwa haraka unapasuka. Anasema mpingo ulikuwa mzee anayejua anachotaka kusema, lakini mwarobaini ni kijana: inabidi umsubiri. Mti ulipobadilika na vinyago vilibadilika, vikawa vinene zaidi, visivyo na vidole vyembamba. Hakuna oda iliyosema hivyo. Ni mti.

Sasa nifike kwenye ndovu, kwa maana bila huyo ndovu nisingeandika makala haya.

Baba alianza kuchonga ndovu akiwa na umri wa miaka kumi na minne, akifuata mkono wa babu. Babu alijifunza kwa mjomba wake. Katika hao wote hakuna aliyekuwa amemwona ndovu kwa macho yake kwa karibu. Baba alichonga ndovu kwa miaka kumi na tisa, mamia kwa mamia, kabla ya siku ile basi la kwenda Ukambani lilipopasuka gurudumu karibu na Voi. Walikuwa wanakwenda mazishini. Abiria walishuka, na hatua chache kutoka barabarani, ng'ambo ya ua, palikuwa na kundi la ndovu, wekundu kwa udongo wa Tsavo. Watu walirudi basini mbio. Baba hakurudi. Utingo alimwita mpaka akachoka.

Alikuwa anamtazama jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika. Hakuwa anakula wala kunywa. Alikuwa amepumzika tu. Mguu wake mmoja wa nyuma ameulegeza, goti limekunjika kidogo, na ncha ya wayo tu ndiyo iliyokuwa inagusa ardhi, kama mama aliyesimama kwenye foleni ya maji tangu alfajiri. Baba anasema moyo ulimwenda mbio. "Miaka yote ile," aliniambia, "nimekuwa nikichonga meza zenye mkonga."

Aliporudi alitafuta kipande cha mpingo alichoachiwa na babu, akakifanyia kazi Jumapili nyingi, baada ya kanisa, uani. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Nakumbuka alivyoniambia nisiuguse ule mguu. Sikio lililochanika alilitoa katika ule ukingo mweupe wa mti, ili mwanga upite kidogo mahali pa mpasuko. Alipompeleka kwa mnunuzi aliyezoea kumletea oda, mnunuzi alimgeuzageuza na kusema, "Huyu mguu umekosewa. Halafu, pacha wake yuko wapi?" Maana ndovu huuzwa wawiliwawili. Akataja bei ya nusu. Baba akamrudisha ndovu nyumbani, akamweka juu ya kabati, kando ya redio. Alikaa hapo miaka minane. Mama alikuwa akimpangusa kila Jumamosi.

Muhula wa pili mwaka huu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo na pesa za chakula cha mchana. Nilikaa siku sita. Sikuwaambia wenzangu, nilisema nilikuwa mgonjwa, na leo nasema ukweli. Siku ya saba asubuhi mama alinipa pesa zote zikiwa zimefungwa kwenye leso, pamoja na salio la mwaka jana. Nilifurahi nikavaa sare. Nilipokuwa nachukua kitana juu ya kabati nikaona vumbi, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na ndani ya vumbi mna alama: nyayo tatu za mviringo, na nukta moja.

Sikusema neno. Baba naye hakusema. Jioni tu, tulipokuwa tunakula, akatamka kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nitachonga mwingine."

Amejaribu mara tatu. Wa kwanza alitoka na miguu minne imara kama meza, na baba mwenyewe akacheka. Wa pili alikuwa wa mwarobaini, akapasuka kuanzia mkongani. Wa tatu alikuwa mzuri, kila mtu bandani alimsifu, lakini baba alimtazama siku mbili, akamwandika namba chini na kumpeleka dukani pamoja na wengine. "Huyo ni ndovu wa yule ndovu wangu," alisema. "Si wa Voi." Mikono yake inakumbuka mamia aliyoagizwa kuliko mmoja aliyemwona, na kila akishika tezo hao mamia ndio wanaotangulia.

Kwa hiyo hoja niliyoikosa ukumbini ni hii, na Spika aliyekuwapo anaweza kuiandika kwenye kumbukumbu hata kama nimechelewa. Mpinzani wangu aliuliza ni yupi aliyebuniwa. Mchongaji yule yule, kwa tezo ile ile, wiki moja hutoa mnyama wa oda na wiki nyingine hutoa mnyama aliyemwona. Mnunuzi humlipa wa kwanza. Kama yule wa pili anachongwa mara moja tu kwa miaka minane, hilo halitokani na mchongaji kukosa macho.

Desemba tunakwenda Wamunyu kumwona nyanya. Mjomba alipendekeza basi la usiku, lina nafuu ya foleni na joto. Baba amekataa. Tutasafiri mchana, na ameshasema mapema kwamba kiti cha dirishani ni chake. Uani kuna gogo la mwarobaini limefunikwa gunia bichi ili lisikauke haraka, na kila asubuhi kabla ya kuja shule kazi yangu ni kulimwagia maji.